Mazingaombwe Si Uchawi

Ndugu walimu wenzetu, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma, yapo maneno ambayo sisi tunaofundisha lugha hii huyapita mbio mbio darasani kwa kuyadhania kuwa ni maneno madogo. Mwanafunzi huuliza, nasi humpa jibu la kwanza linalotujia ulimini, kisha tukaendelea na ngeli. Neno mazingaombwe ni mojawapo. Kwa miaka mingi tumewasikia wenzetu wakilieleza kwa neno moja tu, "uchawi", na maelezo hayo tumeyaona katika madaftari ya wanafunzi wa pande mbalimbali. Twakusudia kulipinga jambo hili kwa nguvu zetu zote, na hapana budi tuanze kwa kukiri kwamba sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliokosa, na kwamba kosa letu nusura limgharimu mtu maisha yake.

Chisenga ni kisiwa cha wilaya ya Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, upande ule ambako mto Luapula unaingia katika Ziwa Mweru. Mtu hufika huko kwa mashua, na ng'ambo ya pili ni Kongo. Kibemba ndicho kinachotawala, lakini kwa kuwa samaki hawajui mpaka, wala wanunuzi wao hawaujali sana, Kiswahili cha Katanga husikika bandarini na sokoni kila siku ya Mungu. Kila mwaka serikali ya Zambia huufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Katika miezi hiyo nyavu huanikwa, wanaume hukaa chini ya miti wakingoja, na mtu yeyote mwenye jambo la kuchangamsha hupata hadhira bila ya kuitafuta. Huko ndiko tulikokuwa na darasa dogo la jioni. Wanafunzi wetu walikuwa wafanyabiashara, wengi wao akina mama wauzao chisense, vile visamaki vidogo vikavu vya ziwa lile vinavyofanana na dagaa, waliotaka Kiswahili cha kuwafikisha Lubumbashi na hata Tunduma.

Katika majira hayo ya ukata alitokea kijana mmoja Mtanzania, mchuuzi wa sindano, nyembe na betri. Alipoona biashara imelala, aligeuza kreti juu chini penye kivuko, akapanga vikombe vitatu vya plastiki, akaweka kijiwe kimoja, akaanza kuita watu. Alianza kwa adabu, "Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu," kisha akasema maneno ambayo twaomba msomaji ayashike: "Tazameni mikono yangu, tazameni vizuri sana, maana mimi ni mwongo!" Watu walicheka. Akachomoa sarafu ya kwacha moja nyuma ya sikio la mzee, watu wakazidi kucheka. Akaficha kijiwe chini ya kikombe, akafunua, hakipo. Akamwendea mama mmoja aliyekuwa na kapu, akatia mkono ndani, akakitoa kijiwe humo.

Hapo kicheko kikakatika. Yule mama hakuona mchezo. Aliona kwamba kitu cha mtu asiyemjua kimeingia katika mali yake bila ya mkono kuonekana, na kwa watu wa huko, kama kwa watu wengi wa kwetu, jambo hilo lina jina. Akalia, "Mulozi!" Wengine wakaitikia. Kijana alipoona nyuso zimebadilika aliinua mikono, akajitetea kwa neno aliloliamini kuwa ndilo la kumwokoa: "Jamani mama zangu, sikilizeni, haya ni mazingaombwe tu!" Watu wakaulizana amesema nini. Palikuwa na mwanafunzi wetu mmoja, hodari kuliko wote darasani, naye akajibu kwa uaminifu kama alivyofundishwa: mwalimu ametuambia mazingaombwe maana yake ni bulozi.

Hivyo ndivyo utetezi wa kijana ulivyogeuka kuwa ungamo lake. Alikamatwa shingoni, bidhaa zake zikatupwa majini, na fimbo zilikwisha kuokotwa. Aliyemwokoa ni mzee mmoja mwenye mashua, shikulu kama wanavyomwita mtu wa umri wake kwa Kibemba, aliyesimama katikati na kuamuru kwamba kabla mtu hajapigwa, afanye tena jambo lile lile, polepole, katika kiganja chake yeye mzee. Sisi tulipofika mbio, tulimkuta kijana amechuchumaa, mikono inamtetemeka, akimwonyesha mzee jinsi kijiwe kinavyobanwa kati ya vidole, jinsi jicho linavyoitwa upande huu ili mkono ufanye kazi upande ule. Alirudia mara tano. Watu walisogea, mmoja akacheka, fimbo zikashuka. Lakini siri ya kazi yake ilikuwa imekwisha kuvuliwa nguo hadharani, na hapana mtu aliyemtupia hata ngwee moja. Kulipokucha alipanda mashua ya kwanza, akaenda zake.

Tangu siku hiyo tumejiuliza sana habari ya neno lile. Neno mlozi tunalo hata katika Kiswahili sanifu (tusilichanganye na mti wa lozi), ingawa siku hizi mchawi amempokonya nafasi. Kitenzi chake kinatumika kila siku: kuroga, ambacho wengine hutamka kuloga. Waganda husema omulogo, Wakikuyu husema murogi, Wabemba husema muloshi, na jirani zao wa Katanga mulozi. Mzizi ni mmoja, wa kale sana, ulioenea katika lugha nyingi za Kibantu, na hofu iliyomo ndani yake ni kongwe vilevile. Kwa hiyo mwalimu anapomwambia mwanafunzi wa Luapula kwamba mazingaombwe ni uchawi, asidhani amemfunulia neno geni. Amelichukua neno la mchezo akalitia katika chungu kilichokuwa jikoni kabla babu zao hawajazaliwa, na moto chini yake haujazimika.

Laiti tungeliangalia neno la pili tu, kiinimacho, tusingalipotea. Kamusi zetu huyaweka maneno hayo mawili pamoja, na hilo la pili lajieleza lenyewe: latwambia kwamba kazi yote imefanyika katika macho ya mtazamaji. Mchawi, kwa wanaomwamini, hufanya jambo katika mwili wa mtu, katika shamba lake, katika tumbo la mkewe. Mfanya kiinimacho hakigusi kitu chochote isipokuwa jicho, na jicho lenyewe limekuja kwa hiari yake.

Jambo hili la hiari ndilo kiini cha shauri letu. Sisi walimu wa Kiswahili tungepaswa kulielewa kuliko watu wote, kwa maana fasihi yetu simulizi imejengwa juu yake. Mtu husema "Kitendawili!" nasi twajibu "Tega!" Kwa neno hilo moja tumempa ruhusa ya kututega. Tukishindwa twampa mji, naye hutufumbulia. Katika hadithi mambo ni wazi zaidi, maana hadhira yenyewe huuita uwongo uje. Je, yupo mwalimu aliyewahi kumwita mtambaji mlaghai kwa sababu sungura hasemi? Mazingaombwe ni kitendawili cha macho. Yule kijana alipotangaza "mimi ni mwongo" alikuwa anasema "Kitendawili!", na vicheko vya watu vilikuwa ndiyo "Tega!" yao. Tofauti ni kwamba yeye humpi mji bali sarafu, tena huondoka na jibu lake.

Tulipokuwa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuja mtu wa mazingaombwe shuleni kwetu, kama walivyokuwa wakizunguka katika shule nyingi za Tanzania zama hizo. Kila mtoto alilipa kiingilio kidogo. Alimimina maji katika gazeti lililokunjwa, akalikunjua kavu. Alitoa yai katika koti la mwalimu mkuu, na hatukuwahi kumwona mwalimu mkuu akicheka namna ile kabla wala baada. Mwezi mzima uliofuata shule nzima ilikuwa inamimina maji katika madaftari. Tulilowana, tulichapwa kwa kuharibu madaftari, na baadhi yetu waligundua namna ya kuficha mfuko wa nailoni kati ya kurasa. Hapana somo la sayansi lililotufanya tufikiri kwa bidii kama lile; hakuna hata mmoja wetu aliyerudi nyumbani akisema ameona uchawi, kwa maana mtu yule alianza kwa kutwambia kwamba si mchawi, naye alikwisha kulipwa ili atudanganye.

Sasa twageukia hoja za wenzetu. Wapo wasemao kwamba dini zinakataza, na kwamba mwalimu mcha Mungu hawezi kuleta sihiri darasani. Twaiheshimu hoja hiyo, wala hatuna elimu ya kuwafundisha masheikh na mapadri. Lakini na tumsikilize Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. (Tunasema Kilwa ya pwani, Kilwa ile ya Ziwa Mweru ni nyingine, na kufanana kwa majina si ushahidi wa historia, ingawa wenzetu wengine hupenda kuvuka kwa daraja hilo.) Katika miaka ya 1340 alifika China, na katika karamu ya amiri wa mji wa Khansa, ambao leo huitwa Hangzhou, alimwona mtu akirusha tufe la mti lenye kamba ndefu mpaka likapotea angani. Mwanafunzi wake akapanda kamba ile naye akapotea. Mara mkono ukaanguka, mguu, kiwiliwili, kichwa. Kisha bwana wake akaviunganisha vipande na mtoto akasimama mzima. Ibn Battuta, mtu aliyekwisha kuona mengi, alishikwa na mpapatiko wa moyo hata wakamnywesha dawa. Na ni nani aliyemtuliza? Ni kadhi, aliyekuwa ameketi kando yake. Kadhi alimwapia kwamba hapakuwa na kupanda wala kushuka wala kukatwa kiungo, na kwamba yote aliyoyaona yalikuwa kiinimacho. Kadhi hakudai mtu yule akamatwe. Alilitaja jambo kwa jina lake, na moyo wa msafiri ukapoa. Kazi ile ile, ya kulipa jambo jina linalostahili, sisi walimu tulishindwa kuifanya pale Chisenga, tena katika lugha tunayolipwa kuifundisha.

Shikulu wetu, bila ya kujua, alifuata pia njia ya Mwingereza Reginald Scot, ambaye mwaka 1584 alichapisha kitabu cha kupinga mateso ya watu walioitwa wachawi katika nchi yake. Ndani ya kitabu hicho alieleza waziwazi jinsi wachezaji wa viinimacho walivyoficha vitufe na sarafu mikononi, ili msomaji aone kwamba ajabu nyingi zilizowatia watu hofu zilikuwa ni wepesi wa vidole. Twasikitika kwamba zaidi ya miaka 400 baadaye bado kijana alazimike kuuza siri ya mkate wake ili anunue roho yake.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo yasema kwamba mazingaombwe huwazoeza watu kudanganywa, na kwamba mikono ile ile ndiyo inayowaibia watu mitaani. Ni kweli kuwa mikono ni ile ile. Nani asiyejua mchezo wa karata tatu, unaochezwa vituoni na sokoni katika miji yetu mikubwa? Mchezaji huzizungusha karata, mwenzake aliyejifanya mpita njia hushinda mbele ya macho yako, nawe ukiweka fedha yako huioni tena. Ufundi wa vidole hautofautiani na ule wa vikombe vitatu. Lakini sikiliza maneno yake. Mchezaji wa karata tatu hasemi "mimi ni mwongo", asema "una bahati wewe, jicho lako kali, weka fedha." Na yule anayejiita mganga, anayetoa mfupa katika mgongo wa mgonjwa kwa ufundi huo huo wa kiganja, hasemi "tazameni mikono yangu", asema "jirani yako ndiye aliyekutia mfupa huu." Tukitaka kuwatenga watu hawa, tusiitazame mikono yao. Tusikilize wanadai nini.

Bara letu linayo historia chungu ya madai hayo, nayo haikuanzia kwa wachuuzi maskini. Mwaka 1890 Mmarekani mweusi George Washington Williams, aliyekuwa amezunguka Kongo na kuona mambo kwa macho yake, alimwandikia barua ya wazi mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Humo alieleza jinsi mawakala wa Stanley walivyojipatia nchi. Mzungu alifunga betri za umeme mkononi chini ya koti, waya ukafika katika kiganja, kisha akampa mkono chifu. Chifu aliposhtuka karibu aanguke, aliambiwa kwamba hiyo ndiyo nguvu ya ndugu yake mweupe. Kisha Mzungu aliwasha sigara kwa kioo cha kukusanya mwanga wa jua, akajitapa kwamba jua na yeye ni marafiki, na kwamba akiliomba liunguze kijiji litaunguza. Halafu ikaja bunduki: risasi iliteremshwa kwa siri katika mkono wa koti, baruti ikabaki peke yake, mwenyeji akaambiwa apige, naye Mzungu akainama na kuitoa risasi katika kiatu chake. Kwa hila za namna hiyo, aandika Williams, na kwa masanduku machache ya pombe kali, vijiji vizima vilitiwa katika mkataba na kupewa mfalme. Wenzetu wanaosomesha tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, wanajua vema dai la risasi isiyodhuru linavyoweza kugharimu.

Na tusidhani hayo yalikuwa ya Kongo tu. Joseph Thomson alipopita Umasaini katika miaka ya 1883 na 1884 aliyachomoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha mbele ya watu, akachemsha chumvi ya tumbo katika maji, akaheshimiwa kama laibon; kisha akayaandika hayo kitabuni bila ya haya. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mwanamazingaombwe wake mashuhuri, Robert-Houdin, Algeria, awaonyeshe wenyeji kwamba miujiza ya Mfaransa inashinda ile ya viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto angeliinua, lakini sumaku ya umeme ilipowashwa chini yake mwanamume wa miraba minne hakuweza hata kulitikisa. Huyo huyo alipokuwa jukwaani Paris, ambako watu walilipa kiingilio wakijua wanachokijia, alikuwa msanii. Algeria alikuwa silaha.

Wahaka wetu ni kwamba watu wa kizazi hiki wanawafukuza wachuuzi wenye vikombe vya plastiki, nao wenye betri chini ya koti wanawapigia makofi. Magazeti yetu nayo yanalitumia neno mazingaombwe kwa kila hesabu iliyopikwa na kila ahadi ya kisiasa iliyoyeyuka. Twaelewa tamathali hiyo, na mara nyingine inachekesha. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba mwizi wa fedha za umma hakuwahi kutwambia tuitazame mikono yake.

Sheria nayo, ukiisoma vizuri, inasimama upande wetu. Zambia inayo Sheria ya Uchawi ya mwaka 1914, iliyotungwa wakati nchi ikitawaliwa na Kampuni. Kenya inayo ya mwaka 1925 na Tanganyika iliipata yake mwaka 1928. Ni sheria za kikoloni, nasi hatuna haja ya kuzisifu. Lakini ile ya Zambia humtia hatiani hata mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, maana yake ni kwamba siku ile kivukoni waliovunja sheria ni waliopiga kelele. Na mwezi Septemba 2025, mahakama moja ya Lusaka ilipowafunga miaka miwili watu wawili waliopatikana na hirizi na kinyonga hai, kwa shtaka la kutaka kumdhuru Rais, hakimu alieleza kwamba swali mbele yake halikuwa kama watu hao kweli ni wachawi. Swali lilikuwa kama walijitangaza kuwa na nguvu hizo. Dai, tena dai. Kijana wetu alidai nini? Alidai kuwa ni mwongo.

Basi tumeifuta orodha yetu ya msamiati na kuiandika upya. Uchawi umekaa peke yake, pamoja na kuroga na ulozi. Uganga umepewa mahali pake, kwa maana nao huonewa sana kwa kuchanganywa na uchawi. Ulaghai umekaa na karata tatu. Na mazingaombwe tumeyaandika hivi: mchezo wa wepesi wa mikono unaochezwa hadharani mbele ya watu wanaojua kwamba wanachezewa. Maelezo haya ni marefu kuliko neno moja, na mwanafunzi mvivu atanung'unika. Aachwe anung'unike.

Zaidi ya hayo tulikwenda kumwomba shikulu aje darasani na vikombe, kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyekuwa na siri. Twawashauri wenzetu wajaribu jambo hili kwa faida ya sarufi peke yake. Kila mwalimu wa pande zile anajua taabu ya kumtoa mwanafunzi katika "iko" ya Katanga, ambayo hubeba kila kitu na kila mahali. Jiwe iko, watu iko, samaki iko. Tumeandika majedwali ya -po, -ko na -mo ubaoni mpaka chaki zikaisha. Lakini weka vikombe vitatu mezani na kijiwe kimoja, uone. Jiwe lipo hapa? Lipo. Limo katika kikombe? Limo. Funua. Halimo! Liko wapi basi? Mwanafunzi anayelitafuta jiwe kwa hamu hataki kukosea, kwa sababu kosa la kiambishi litamfanya afunue kikombe kisicho. Kwa saa moja akina mama wale walizitenga -po, -ko na -mo kuliko walivyofanya kwa miezi miwili, na mwenye kapu, yule aliyelia kivukoni, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Halimo, shikulu, liko mkononi mwako!" Lilikuwa mkononi mwake kweli.

Baada ya somo yule mwanafunzi wetu hodari alibaki nyuma. Hakutulaumu, jambo ambalo lilituuma zaidi. Aliuliza tu swali moja: kwa nini shikulu akifanya ni mchezo, na mgeni alipofanya ilikuwa bulozi? Tulimwambia kwamba sehemu moja ya jibu ni neno tulilomfundisha vibaya. Sehemu ya pili aliijua mwenyewe, nayo ni kwamba shikulu ana nyumba pale, ana wajukuu, makaburi ya wazee wake yako pale, na akikosea watu wanajua wapi pa kumtafuta. Mgeni hana kitu mbele ya watu asiowajua isipokuwa maneno yake, na maneno ya kijana yule sisi tuliyaharibu kabla hajafika.

Mwezi wa Machi uvuvi ulipofunguliwa tulipita tena kivukoni. Shikulu alikuwa amekaa juu ya kreti ile ile akiwachezea abiria wa mashua, nao walikuwa wakimtupia ngwee.